Waya wa kurudi: niliyowaambia wenzangu tunaovuta karavani

Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za saa hizi. Nimepewa nafasi niongee juu ya umeme wa karavani, hizi nyumba ndogo za magurudumu tunazozivuta kwa gari, huu umeme unaotoka kwenye gari kwenda nyuma, na nimeambiwa nisikae sana, lakini jambo lenyewe nalipenda na limeshawahi kunitia hatarini mimi na watoto wangu kwa hiyo mtanivumilia. Kabla sijaanza naomba mnyooshe mikono, nani hapa friji ya karavani yake haipoi akiwa njiani, anafika anakuta maziwa yameshachacha? Haya, naona. Sasa shusheni. Na nani kati yenu ameshabadilisha hiyo friji au amemwita fundi wa friji? Naona mikono ni ileile.

Basi mara nyingi friji haina kosa lolote. Kosa liko kwenye njia ya umeme kutoka betri ya gari mpaka kule nyuma, na zaidi sana liko kwenye njia ya kurudi, ambayo karibu wote tunaisahau. Umeme hauendi ukaishia huko kama maji ya kumwagia bustani, unaenda na lazima urudi ulikotoka, na ukiubana wakati wa kurudi ni sawasawa kabisa na kuubana wakati wa kwenda. Mtu ananunua waya mzuri mwekundu, mnene, anaweka fyuzi, anaweka relei, ile swichi inayowashwa na umeme, halafu ule wa erthi, yaani wa kurudi, anaukazia kwenye skrubu yoyote anayoikuta karibu, yenye rangi na kutu, na anasema kazi imeisha.

Niwaambie ilivyonikuta. Karavani yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, na gari yangu ilikuwa na soketi ya pini 13 ya kuchomekea plagi ya karavani lakini ndani yake mlikuwa na nyaya za taa tu, nikampata fundi mmoja akaniambia hiyo kazi ndogo, nikamwachia. Saa moja tu kamaliza. Nikajaribu taa zinawaka, kitaa cha friji kinawaka, nikafurahi nikalipa. Siku ya safari mke wangu yuko mbele na mimi, watoto wawili nyuma wamelala, jua limeshazama nimewasha taa, gari iliyokuwa nyuma yangu ikaanza kunipigia fulu. Nikadhani anataka kupita, nikampisha, hapiti. Fulu tena. Mwishowe nikasimama pembeni, naye akasimama, akashuka mzee mmoja mpole tu akaniambia kijana wangu, ukikanyaga breki taa zako zinafifia badala ya kuwaka, na indiketa ikipiga taa zote za nyuma zinacheza nayo, mimi nimekaribia kukugonga mara mbili.

Nikaenda pale kwenye ndoano nikashika plagi nikaiachia hapohapo, ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Ilipopoa nikaifungua kwa tochi. Pini ya 3 ilikuwa imebadilika rangi imekuwa ya kahawia ile ya kuungua, plastiki iliyoizunguka imelainika na kuinama, na waya mweupe unaoingia pale ganda lake lilikuwa limekauka, ukiukunja kidogo linapasuka kama ganda la yai. Na jirani yake, pini ya 11, inang'aa kama imetoka dukani leo. Ile pini kung'aa ndo iliyonifundisha kila kitu ninachowaambia leo, maana pini inayofanya kazi haibaki inang'aa hivyo.

Sasa ili mnielewe inabidi tuingie ndani ya soketi yenyewe. Soketi ya pini 13, ile ya kiwango cha ISO 11446, pini 7 za kwanza zinafuata namba zilezile za soketi ya zamani ya pini 7: ya 1 indiketa ya kushoto, ya 2 taa ya ukungu, ya 3 erthi, ya 4 indiketa ya kulia, ya 5 taa ndogo ya kulia, ya 6 breki, ya 7 taa ndogo ya kushoto. Ya 8 ni rivasi. Mpaka hapo ni taa tupu, hakuna hata pini moja ya kulisha karavani. Chakula cha karavani kinaanzia pini ya 9, ambayo ina umeme muda wote, gari iwe imewashwa au imezimwa, na pini ya 10 ambayo inapata umeme gari ikiwa imewashwa tu, hii ndo ya friji. Halafu ya 11 ni erthi ya pini ya 10, na ya 13 ni erthi ya pini ya 9. Ya 12 kawaida iko wazi.

Mmeziona erthi? Ziko tatu. Watu wengi wakiona nyaya tatu nyeupe nyeupe wanasema si zote ni erthi, basi unganisha. Upande wa gari kweli zinakutana, zote zinaishia kwenye bodi, hapo hakuna shida. Upande wa karavani hapana! Kule kila moja inakaa na mambo yake, na ndicho fundi wangu alichokosea, alizisokota zote tatu pamoja ndani ya plagi ya karavani, na upande wa gari hakuingiza waya wowote kwenye pini ya 11 wala ya 13, akaweka ule wa 3 peke yake. Friji inavuta kama ampea 10. Taa zikiwaka zote na umekanyaga breki zinaweza kufika ampea 7 au 8 nyingine. Mzigo wote huo ulikuwa unarudi kwenye gari kupitia pini moja, ya 3, na pini hiyo ilikuwa imelegea kidogo.

Kulegea kidogo ni kitu gani? Tufanye hesabu, ni nyepesi. Chukueni mguso mbovu wenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, yaani kitu ambacho mita yako ya kupimia umeme ya bei rahisi haitakionyesha hata ukihangaika. Pitisha ampea 15. Joto linalozaliwa pale ni 15 mara 15 mara 0.1, wati 22.5. Bulbu ya indiketa ni wati 21. Kwa hiyo ni kama umechukua bulbu ya indiketa ukaiwasha ndani ya plagi, ukaifungia mle kwenye plastiki, ukaendesha saa tatu. Na volti 1.5 zinapotea palepale. Taa zangu za breki zilikuwa zinafifia kwa sababu hiyo, erthi yake ilikuwa imeshaliwa na friji, na indiketa ikiwaka nayo umeme wake unatafuta pa kurudi, unakuta mlango umebanwa, unarudi kupitia bulbu za wenzake. Mkiona taa za trela zinacheza pamoja, ukiwasha moja nyingine inawaka nusu, msibadilishe bulbu, nendeni moja kwa moja kwenye erthi.

Nimesema soketi ya pini 13 na kuna wenzetu hapa wana zile mbili za pini saba saba, moja nyeusi ya taa na nyingine ya rangi ya kijivu au nyeupe ya kulisha karavani. Zinafanya kazi vizuri tu, Uingereza karavani mpya zilihamia kwenye pini 13 tangu Septemba 2008 na za kabla ya hapo bado ziko barabarani nyingi. Ila mwenye ile nyeusi peke yake ajue hiyo ni ya taa, hata ununue adapta ya aina gani friji haitapata kitu, adapta haizai waya ambao haupo. Na mwenye pini 13 asidanganyike na muonekano wa nje kama nilivyodanganyika mimi, magari mengi yanakuja na soketi nzuri ya pini 13 iliyofungwa nyaya za taa peke yake, 9 mpaka 13 ziko tupu. Fungua mfuniko wa nyuma uangalie kwa macho. Na msifuate rangi, rangi za nchi moja si za nchi nyingine, waya wa bluu Ulaya ni wa taa ya ukungu, Marekani kwenye plagi ya pini 7 za bapa bluu ni ya breki za umeme za trela. Fuata namba ya pini, halafu pima.

Tuje kwenye waya wenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa ya watu inapopotea. Umeme wa karavani unatakiwa kutoka kwenye betri ya gari, moja kwa moja, na waya wake. Usiuchukue kwenye taa ya buti. Usiuchukue kwenye soketi ya sigara. Usiuchukue kwenye nyaya za taa za nyuma kwa kile kibano cha plastiki kinachokata ganda na kugusa shaba kidogo, kile mimi nakichukia kabisa, kinakata nyuzi nusu, kinaingiza unyevu, baada ya mwaka mmoja ukikifungua unakuta unga wa kijani. Waya wa taa ya buti ulipimwa kwa ajili ya bulbu ndogo, ukiuning'inizia friji ya ampea 10 unaomba moto.

Unene sasa. Kutoka betri mpaka soketi, ukifuata njia halisi ya waya kupita pembeni mwa injini, ndani ya gari, mpaka nyuma, unafika mita 6 hivi, na kurudi mita 6, jumla 12. Waya wa milimita mraba 2.5, ampea 10, unapoteza karibu volti 0.84. Halafu kuna karavani yenyewe, kutoka plagi mpaka kwenye friji na kurudi tuseme mita 10, nyingine 0.7. Jumla volti moja na nusu zimeshapotea njiani na hapo kila kiungo ni kizuri kabisa, hakuna kutu. Ukitumia waya wa 1.5 unapoteza zaidi ya volti mbili na nusu. Kinyume chake ukiweka milimita mraba 6 upande wa gari, ile 0.84 inashuka mpaka 0.35, yaani umepata nusu volti ya bure kwa kununua waya mnene mara moja tu.

Utaniuliza nusu volti ni kitu gani. Friji hizi za kufyonza joto, ambazo kwenye volti 12 zinatumia hita, nguvu ya hita inafuata volti mara volti. Friji ya wati 120 kwenye volti 12, ukiipa 10 haikupi wati 100 kama unavyodhani, inakupa 83. Theluthi moja karibu imepotea. Ndo maana nikasema friji haina kosa, hita inawaka, ukiishika nyuma ina joto, kitaa kinawaka, kila kitu kinaonekana sawa na maziwa yanachacha. Na betri ya karavani nayo ni hivyohivyo, betri ya risasi na asidi inataka karibu volti 14.4 ijae sawasawa, ukiifikishia 13 itapokea kidogo kidogo mpaka unafika na haijajaa, unalala usiku mmoja taa zinaanza kufifia unasema betri imekufa, unanunua nyingine, nayo inakufa vilevile maana kukaa nusu ndiko kunakoiua.

Fyuzi. Iwe karibu na betri, karibu kweli, upana wa viganja viwili tu kutoka kwenye terminali, isiwe huko nyuma kwenye buti mahali ambapo ni rahisi kuifikia. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Ukiiweka nyuma, mita sita za waya kati ya betri na fyuzi hazina ulinzi wowote, waya ukisuguliwa na bati ukagusa bodi, betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea na hakuna kitu cha kuizuia, ganda linayeyuka mpaka linashika moto. Kila njia na fyuzi yake, ya pini ya 9 peke yake na ya pini ya 10 peke yake, kwa waya wa 2.5 watu wengi wanaweka 15 kwa ya kwanza na 20 kwa ya pili. Na mahali waya unapopita kwenye tundu la bati weka mpira, halafu uvalishe mfereji wa plastiki, uwe mbali na ekzosi. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Erthi ya upande wa gari, hapa mnisikilize vizuri wenye magari ya karibuni. Msiifunge kwenye terminali hasi ya betri. Magari mengi mapya yana kisensa kimekaa juu ya ile terminali kinahesabu umeme unaoingia na kutoka, ukifunga waya wako juu ya betri umeme wa karavani unapita bila kuhesabiwa, kompyuta ya gari inapata hesabu ya uongo juu ya betri yake. Funga kwenye bodi au chasi, na ukifunga kwenye bodi kwangua rangi mpaka bati jeupe linaonekana, weka ringi iliyobanwa sawasawa, kaza, halafu paka rangi au grisi juu yake baada ya kukaza ili maji yasiingie. Watu wanapaka kwanza halafu wanakaza. Na kama gari imetoka kiwandani na boliti ya erthi kule nyuma, tumia hiyo, ndo kazi yake.

Sasa relei. Zamani mambo yalikuwa rahisi, injini ikiwaka alteneta, ile jenereta ya gari, inatoa volti 14 na kitu muda wote, kwa hiyo watu walifunga relei inayosikiliza volti, zikipanda kama 13.3 inafunga mlango umeme unapita kwenda kwenye friji, zikishuka chini ya 12.8 inafungua. Ulikuwa ufundi mzuri. Lakini alteneta za magari ya sasa zinaongozwa na kompyuta ili kupunguza mafuta, betri ya gari ikishashiba kompyuta inaiambia alteneta pumzika, volti zinashuka mpaka 12 na kitu injini ikiwa inanguruma, halafu ukiachia mafuta kwenye mteremko inapandisha mpaka karibu 15. Ile relei ya zamani inachanganyikiwa, inafunga inafungua, inafunga inafungua, friji inapata umeme milimani kidogo na mteremkoni kwingi. Kwa gari ya namna hiyo tumieni relei inayoamshwa na swichi ya gari au na moduli, kile kisanduku cha elektroniki cha trela nitakachokieleza kwenye taa, relei isiyosikiliza volti, na betri ya karavani mwekeeni chaja yake inayopokea chochote kutoka kwenye gari, iwe 12 iwe 15, na kutoa kile betri inachotaka. Wenye betri za lithiamu kwangu mimi hiyo chaja ni lazima, kwa sababu lithiamu inavuta kwa pupa, bila kitu cha kuipunguza itajaribu kunywa ampea nyingi kuliko waya wako unavyoweza.

Na msiache relei kabisa eti kupunguza gharama, friji ikiunganishwa moja kwa moja ukasimama kula na kupumzika inaendelea kuvuta ampea 10, betri ya gari ya saa-ampea 60 baada ya saa tatu iko nusu, ukirudi kuwasha gari inatoa sauti ile ya tak tak tak.

Taa nitazipitia haraka. Gari za kisasa zinapima bulbu zake zenyewe, zinatuma umeme mdogo mdogo kuuliza kama bulbu ipo, na ukiunganisha nyaya za karavani moja kwa moja na za taa za gari kompyuta inaona mzigo umezidi, inazima taa au inakuwashia onyo kwenye dashibodi. Kwa hiyo kuna moduli inayosikiliza tu ishara kutoka kwenye taa za gari na yenyewe inachukua nguvu kutoka kwenye betri, na kuna ile nzuri zaidi ya gari hiyohiyo, inayoongea na kompyuta ya gari, ikishaona plagi imeingia inazima vipimio vya nyuma vya kupaki visipige kelele, inazima taa ya ukungu ya gari inabaki ya karavani, na kwa magari yenye mfumo wa kutuliza trela inapoyumba inauamsha. Hii ya pili inataka gari iingizwe programu kwa mashine. Ni ghali, najua. Lakini ule mfumo wa kutuliza kuyumba ni uhai wa watu, mimi nisingejibania hapo. Na mwenye karavani yenye taa za LED akiona zinamweta kidogo kabla hajawasha chochote asiogope, ni gari inauliza kama bulbu ipo, moduli sahihi inaondoa hilo.

Sasa kupima, na hiki ndo ninachotaka muondoke nacho mkononi, nimekuja nacho hapa. Hii ni bulbu ya H4, bulbu ya kawaida ya taa kubwa ya mbele, ina nyuzi mbili ndani, moja wati 55 moja 60. Nimezifunga zote mbili pamoja, kwa hiyo ukiiwasha inavuta karibu ampea 10, yaani nimetengeneza friji ya mfukoni. Kupima soketi kwa mita peke yake ni kujidanganya, mita haivuti kitu, hata waya uliobakiza unywele mmoja wa shaba utakuonyesha volti 14 safi. Iwekee soketi mzigo kwanza ndo uone.

Washa gari, unganisha bulbu hii kwenye pini ya 10 na ya 11, uielekeze mbali na macho na usiishike maana inachoma. Pima pale pale kwenye pini ikiwa inawaka. Betri ina 14.2, pini zina 13.5, vizuri. Pini zina 12? Kuna mahali panakula. Sasa tafuta ni upande gani, chukua waya mrefu kutoka kwenye hasi ya betri uulete mpaka nyuma, mita iwe kwenye volti, ncha moja kwenye huo waya mrefu, ncha nyingine kwenye pini ya 11, bulbu bado inawaka. Hicho unachokisoma ndicho kinachopotea kwenye kurudi. Kikizidi nusu volti mimi nafungua erthi zote. Halafu fanya hivyohivyo upande wa chanya. Dakika kumi zinatosha, na unajua tatizo liko kwenda au liko kurudi, hubahatishi. Gari ile yangu nilipoipima hivi baadaye, kwenda ilikuwa inapoteza 0.6, kurudi 2.1. Nilikuwa nimeshapanga kubadilisha waya mwekundu wote.

Kuna mama pale nyuma amenyoosha mkono. Ndiyo mama, karibu. Mama anauliza, plagi yake ikiingia vizuri taa zinawaka, baada ya kilomita kadhaa zinazima, akisimama akaichezea zinawaka tena. Mama, hiyo plagi ya pini 13 hauisukumi tu, unaisukuma halafu unaizungusha kufuata mwelekeo wa mishale ya saa mpaka ifike mwisho, watu wengi wanaishia katikati kwa sababu raba yake ni ngumu na mkono unaogopa kuvunja, inagusa kidogo barabarani inatikisika inaachia. Kama inafika mwisho na bado inazima, angalia waya wa plagi hauvutwi ukikata kona, uwe na ulegevu wa kutosha lakini usiburuze chini.

Kaka hapa mbele anasema alinunua plagi mpya na bado inapata moto. Plagi mpya kwenye soketi iliyoungua, kaka yangu, ni pesa umetupa. Joto linaondoa ule ugumu wa chuma kwenye kike cha soketi, kile kitundu kinachoibana pini, kinabaki kimeachama hakibani tena, kitaunguza na hii mpya. Badilisha zote mbili, na ukate waya nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, ile iliyokuwa nyeusi usiibane tena kwenye kiungo kipya. Wakati unafunga, tumia vibano vya chuma vinavyobanwa kwa koleo lake, usisokote kwa vidole ukazungushia tepu.

Dada naye anauliza kama anaweza kuacha ile pini ya 9 kwa sababu betri ya karavani anaichaji kwa umeme wa jua juu ya paa. Anaweza kuiacha, dada, ila asome kwanza kitabu cha karavani yake, kuna karavani ambazo relei yake ya ndani inategemea umeme wa gari ili ijue kwamba inavutwa, izime taa za ndani na iipe friji nafasi. Akikata pini ya 9 anaweza kushangaa friji nayo imekataa. Apime kabla hajakata.

Gari yangu iko pale nje nimeigeuza soketi inatazama huku, na karavani ya bwana mmoja wenu iko jirani, amekubali tuifungue plagi yake. Mwenye miwani ya jua avae maana hii bulbu ni kali, na anishikie mtu mmoja huu waya mrefu wa kutoka betri, tuanze na pini ya 11.